Kutuza na Kutunza: Mali ya Mwimbaji ni ya Nani?

Msafiri anayeifuata barabara ya Little River Turnpike kuingia Annandale, katika Kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, huyaona maandishi ya Kikorea kabla hajatambua kwamba amefika. Yamo kwenye mabango ya maduka ya mikate, ya mawakili, ya madaktari wa meno, ya mikahawa ya nyama choma na ya vyumba vya kukodi ambamo marafiki hujifungia usiku wakaimba hadi sauti ziwakauke. Wakorea wa sehemu hizi ni wa vizazi kadhaa sasa. Chuo Kikuu cha George Mason, ambacho makao yake ni Fairfax, kina kampasi yake Songdo, mjini Incheon, tangu mwaka 2014, kwa hiyo njia kati ya nchi hizi mbili hupitwa kwenda na kurudi. Nyimbo nazo hupita humo humo. Si watoto wa Kikorea peke yao wanaoziimba. Huziimba pia watoto wa Kihabeshi, wa Kisalvador, wa Kikenya na wa Kitanzania, ambao wazazi wao walikuja kutafuta riziki kando ya jiji la Washington.

Vijana hao wanapomtaja mwimbaji fulani wa Kikorea, haupiti muda kabla mmoja hajauliza: ana pesa kiasi gani? Simu hujibu papo hapo, kwa dola na kwa uhakika usiostahili, maana takwimu nyingi za namna hiyo ni makisio ya watu wasioijua hesabu ya mwimbaji wala ya kampuni yake. Hata hivyo, kasoro ya jibu ni ndogo kuliko kasoro ya swali. Swali linadhani kwamba mali ya mwimbaji ni rundo lililokaa mahali, likingoja kuhesabiwa. Halitaki kujua rundo hilo limetoka mikononi mwa nani, wala limepita mikono mingapi, wala mwenye kuimba amebaki na nani baada ya watu kuondoka ukumbini.

Kiswahili kina methali inayoligusa jambo hili kwa karibu: mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo huandikwa kwa namna mbili. Wapo waandikao hutuzwa na wapo waandikao hutunzwa, na tofauti ya herufi moja imebeba tofauti ya maisha mazima. Kutuza ni kutoa tuzo, yaani kumpa mtu kitu kwa sababu ya alichokifanya vizuri. Kutunza, katika maana yake iliyozoeleka zaidi, ni kulinda, kulea, kuangalia kitu au mtu kisiharibike, asidhurike. Wahenga huenda hawakukusudia utata wowote. Matamshi ya watu huchanganya maneno haya mawili kila siku, na tunza yenyewe hutumika pia kwa maana ya zawadi. Lakini utata huo una hekima ndani yake. Unadokeza kwamba palipo na kwao, yaani palipo na watu wa mtu, kumtuza na kumtunza ni tendo moja. Swali la kimaadili linaanza pale matendo hayo mawili yanapoachana.

Kwenye taarab, muungano wa matendo hayo huonekana kwa macho. Msikilizaji huinuka kitini, akasogea jukwaani kwa mwendo wa madaha, akampa mwimbaji noti mkononi. Noti hiyo ni malipo, lakini ni maneno pia. Anayeinuka wakati wa ubeti fulani anaweza kuwa anamsifu mwimbaji, anajisemea yaliyo moyoni, au anampelekea ujumbe jirani aliyekaa safu ya nyuma. Mtoaji anaonekana, mpokeaji anaonekana, na watu wote wanajua nani kampa nani. Kesho yake mwimbaji akiugua, mtoa noti hawezi kudai kwamba hamjui.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, aliujua ulimwengu huo kabla hajaujua mwingine. Alikuwa binti wa ukoo uliotoka utumwani, aliyebeba vyungu vya udongo kuviuza kabla sauti yake haijamfungulia milango ya mjini. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, na sauti yake ikatiwa kwenye sahani za santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyejulikana kuwa amefanya hivyo kabla yake. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kwa kufanya hivyo alitoa hoja bila kuitangaza: kwamba maisha ya mwimbaji, mwanamke, asiye na nasaba wala elimu ya shule, yanastahili kuhifadhiwa katika nathari iliyo bora.

Santuri ilileta neema na ilileta mtengano. Sauti ya Siti iliweza kufika Mombasa, Lamu na Dar es Salaam bila Siti kufika. Msikilizaji aliyeguswa na wimbo usiku, mbele ya santuri yake, hakuwa na mkono wa kuutia noti. Alikuwa amekwisha kulipa dukani, na aliyelipwa alikuwa muuzaji, ambaye alimlipa msambazaji, ambaye naye alikuwa na makubaliano na kampuni ya ng'ambo. Baina ya anayeguswa na anayegusa pakaingia safu ya watu ambao hawakuimba wala hawakulia. Tuzo ikageuka kuwa mapato, na mapato yana kawaida ya kupungua kila yanapopita mlango.

Kisa cha wimbo wa «Malaika» kinaonyesha jinsi mtengano huo ulivyoweza kufika mbali. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960; Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga; na mabishano hayo hayajatulia hadi leo. Wakati wawili hao wakibishaniwa, Miriam Makeba, Harry Belafonte na kundi la Boney M waliuimba, na ukasikika katika miji ambayo haikujua hata neno jingine moja la Kiswahili. Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2001. Hakuna anayedai kwamba umaarufu wa wimbo ule ulimpa utajiri unaolingana nao. Dunia nzima ilicheza, lakini aliyecheza hakuwa kwao.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo lilikuwa tatizo la sheria tu, na kwamba mikataba mizuri na mirabaha inayolipwa kwa wakati ingelimaliza. Korea Kusini ndiyo mahali pa kuipimia hoja hiyo, kwa sababu hapo biashara ya wimbo imepangwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Kampuni huwachukua vijana wakiwa wadogo, ikawafunza kuimba, kucheza, kuzungumza lugha za kigeni na hata kutembea. Katika kampuni nyingi gharama za mafunzo na maandalizi zimezoeleka kukatwa kwenye mapato ya baadaye, kiasi kwamba kijana anaweza kujulikana kote Asia kabla hajaanza kupokea fungu lake. Mwaka 2009 waimbaji watatu wa kundi la TVXQ waliishtaki kampuni yao wakipinga mkataba wa miaka 13. Mwaka huo huo mamlaka ya ushindani wa haki ya Korea ilitoa mkataba wa mfano uliowekea muda huo ukomo wa miaka saba. Palikuwa na dhuluma, ikasemwa, na sheria ikasogea.

Baadaye ukaja mfano wa upande wa pili. Mwaka 2020, kabla kampuni ya Big Hit haijaingia kwenye soko la hisa la Seoul, mwanzilishi wake, Bang Si-hyuk, aliwagawia waimbaji saba wa BTS hisa zake mwenyewe, kila mmoja hisa 68,385. Kwa bei ya awali ya won 135,000 kwa hisa, kila mmoja alipata mali ya zaidi ya won bilioni 9. Mwimbaji akawa mmiliki wa sehemu ya nyumba inayoiuza sauti yake. Kwa kipimo cha kutuza, ni vigumu kudai zaidi ya hapo. Siti hakupewa sehemu ya kampuni iliyomrekodi; wala Fadhili.

Basi ingetarajiwa kwamba, tuzo ikitengenezwa vizuri, utunzaji ungefuata wenyewe. Maisha ya Goo Hara yanakataa. Alizaliwa Gwangju mwaka 1991, akajiunga na kundi la Kara mwaka 2008, na mwezi Januari 2013 Kara likawa kundi la kwanza la wasichana wa Korea kufanya onyesho lake peke yake katika uwanja wa Tokyo Dome. Alituzwa kwa kila namna inayojulikana: pesa, makofi, picha yake ukutani mwa vyumba vya wasichana wa nchi mbili. Tarehe 24 Novemba 2019 alifariki dunia nyumbani kwake Seoul, akiwa na umri wa miaka 28, baada ya muda mrefu wa kuandamwa na maneno ya watu na mashauri ya mahakamani.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya awe swali la kimaadili kwa taifa zima. Mama yake, ambaye kwa maelezo ya kaka yake aliiacha familia Hara akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alijitokeza kudai fungu la mirathi. Sheria ilikuwa upande wake: mtoto akifa bila mume wala watoto, wazazi ndio warithi, na sheria haikuuliza nani alilea. Kaka wa marehemu akapeleka ombi bungeni. Desemba 2020 mahakama ya familia ya Gwangju ilitambua kwamba baba alibeba mzigo wa malezi, ikagawa mali kwa asilimia 60 upande wa baba, ambaye haki yake aliikabidhi kwa kaka, na asilimia 40 upande wa mama. Ilichukua hadi tarehe 28 Agosti 2024 kwa bunge kupitisha sheria ambayo watu wote wanaiita kwa jina la Goo Hara, iliyopangiwa kuanza kutumika Januari 2026. Kwa sheria hiyo, mzazi aliyeshindwa vibaya kutimiza wajibu wa kumtunza mwanawe akiwa mdogo anaweza kunyimwa mirathi yake.

Asiyezijua pande zote hana haki ya kumhukumu mama huyo, na hukumu juu yake haihitajiki ili kuiona hoja. Hoja ni kwamba taifa lenye hesabu sahihi za mapato lilijikuta halina safu ya kuandikia utunzaji. Liliweza kusema kila wimbo uliingiza kiasi gani. Halikuweza kusema nani alimpikia mtoto yule, nani alimpeleka shule, nani alikesha naye. Mambo hayo yalikuwa msingi wa mali yote iliyofuata, lakini kwenye vitabu hayakuwamo. Sheria mpya ni jaribio la kuyaandika baada ya mwenyewe kuondoka.

Hara mwenyewe, kwa upande wake, alikuwa mtunzaji. Mwaka 2024 filamu ya BBC kuhusu kashfa ya klabu ya Burning Sun ilibainisha kwamba yeye ndiye aliyemsaidia mwandishi wa habari aliyekuwa akiichunguza kashfa hiyo kumtambua afisa wa polisi aliyewakinga washtakiwa. Alifanya hivyo kimya kimya, bila malipo na bila kutajwa, kwa ajili ya wanawake wengine waliodhulumiwa. Hakuna orodha ya utajiri wa waimbaji iliyowahi kulihesabu tendo hilo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la haki kabisa. Mnunuzi wa wimbo si ndugu wa mwimbaji. Amelipa bei iliyotajwa. Deni lake limekwisha. Kumdai upendo pia ni kumtwisha mgeni mzigo wa mzazi. Ni kweli. Hakuna kijana wa Annandale anayewajibika kumlea mtu asiyemjua aliyeko Seoul. Lakini lipo wajibu mdogo zaidi usiokwepeka: kutodhani kwamba bei imelipia kila kitu. Anayeamini kwamba amekwisha kulipa huona kwamba amenunua na haki ya kutukana, ya kuchungulia, ya kudai tabasamu kila siku. Maneno yaliyomwandama Hara mengi yaliandikwa na watu walioona kwamba mtu tajiri hawezi kuumia, kana kwamba fedha ni ngozi ya pili.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatoka ndani ya utunzaji wenyewe. Mashabiki wa Kikorea hutunza kweli. Hulipia matangazo ya siku ya kuzaliwa ya mwimbaji, hutoa sadaka kwa jina lake, na Juni 2020, BTS walipotoa dola milioni moja kwa harakati za kutetea maisha ya watu weusi Marekani, mashabiki wao walichanga milioni nyingine kwa muda wa siku moja hivi. Lakini mashabiki hao hao wanaweza kugeuka wenye mali. Machi 2024 Karina, mwimbaji wa kundi la aespa, aliandika kwa mkono barua ya kuwaomba radhi mashabiki kwa kosa moja: kuwa na mpenzi. Aliyetunzwa alionekana amevunja mkataba ambao hakuutia saini.

Pingamizi hili halipaswi kuwashangaza Waswahili. Kauli ya «mimi ndiye niliyekulea» imefunga midomo ya watoto wengi na imeoza ndoa nyingi. Ulezi unaoweka hesabu ili uje udai ni biashara iliyovaa kanzu. Hapo ndipo mpaka wa kutunza unapoonekana wazi: mtunzaji anaweza kustahili kurudishiwa, lakini hakutunza ili arudishiwe. Sheria ya Goo Hara inaujua mpaka huo kwa nusu yake. Inaweza kumnyima fungu asiyetunza. Haiwezi kumfanya mtu atunze, na wala haiwezi kumrudishia marehemu usiku hata mmoja kati ya usiku aliokaa peke yake.

Wazazi wa Kiafrika wa Kaunti ya Fairfax wanaweza kuzisikia habari hizi kama za watu wa mbali, nyota wa nchi nyingine na sheria za bunge jingine. Ukweli ni kwamba habari hizi zinawahusu wao kuliko watoto wao. Fairfax ni miongoni mwa kaunti zenye kipato kikubwa kabisa Marekani, na aliyeko Kisumu au Tanga akisikia kwamba ndugu yake anaishi huko humwona kama kijana anavyomwona mwimbaji: rundo lililokaa mahali. Huyo ndugu huenda anawaogesha wazee usiku katika nyumba ya kulelea, kisha mchana anaendesha gari la abiria. Simu humwamsha alfajiri: ada, paa, harusi, hospitali. Hutuma. Akienda likizo hupokewa kwa vigelegele na kuitwa majina makubwa. Ametuzwa. Lakini ni wachache wanaomuuliza analala saa ngapi, na yeye mwenyewe hujifunza kujibu «salama tu», kwa sababu mtu anayetegemewa hana ruhusa ya kuugua.

Kisha siku moja huja ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: fulani amefariki, familia inaomba michango ya kusafirisha mwili. Hapo ukarimu hufunguka wa kustaajabisha. Watu ambao hawakuwahi kumpigia simu hutoa, kiasi hutimia, jeneza hupanda ndege. Mila hiyo ni njema na haipaswi kubezwa. Watu wasiozika wenzao si watu. Lakini ukarimu unaongoja kifo unafanana mno na warithi waliojitokeza Gwangju. Unathibitisha kwamba uwezo wa kutunza ulikuwapo siku zote, umekaa mifukoni na midomoni mwa watu, ukingoja idhini ya msiba.

Mali ya mwimbaji, basi, ni ya nani? Kisheria ni yake, na awe nayo yote. Hakuna hoja hapa ya kumpunguzia mtu jasho lake. Lakini mali hiyo ni ushahidi pia. Inashuhudia kwamba watu wengi waliguswa na mtu mmoja, na kila aliyeguswa alibaki na deni dogo ambalo fedha haiwezi kulifuta: kumwona aliyemgusa kama mtu. Kwa mwimbaji wa mbali deni hilo hulipwa kwa kujizuia, kwa neno baya lisiloandikwa na kwa mlango usiochunguliwa. Kwa aliye karibu hulipwa kwa kuuliza, na kungoja jibu la kweli.

Huko Annandale kijana ataendelea kuiuliza simu yake utajiri wa mwimbaji ampendaye, na simu itaendelea kumjibu. Mzazi wake, aliyeketi kwenye kochi kwa nusu saa kati ya kazi moja na nyingine, anaweza kumcheka kwa kuhesabu fedha za watu. Lingemfaa zaidi kumsimulia kwamba kwao, mtu anapoimba vizuri, watu huinuka wakamwendea hadi alipo. Na lingemfaa kijana, akisha kusikia hayo, aiweke simu chini amwangalie mzazi wake usoni, amuulize kama amekula.